Nje ya Mita 30: Niliyojifunza kwenye Barabara ya Rusumo

Mimi ni mtoto wa Kahama, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita kwenye barabara moja. Inatoka Isaka, inapita Kagongwa na Kahama mjini, inaingia Geita kwa Masumbwe, Ushirombo na Runzewe, inakwenda Nyakanazi na Lusahunga, kisha inashuka Benaco hadi darajani Rusumo, mpakani na Rwanda. Nilikuwa mtaalamu wa masuala ya jamii katika timu za tathmini ya athari kwa mazingira. Wenzangu walikuwa wahandisi, wataalamu wa maji, wa mimea na wa wanyamapori. Wao walipima. Mimi niliketi na wenye ardhi, nikasikiliza na kuandika, kisha nikarudi kubishana na wenzangu kuhusu kipi kiingie kwenye ripoti na kipi kibaki daftarini.

Sasa nimestaafu. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza waanzie wapi, nami huwajibu jibu lilelile: anzieni pale mchoro wa mhandisi unapoishia. Barabara ina madhara na ina faida, lakini sehemu kubwa ya hayo mawili haikai barabarani. Inakaa nje ya zile mita 30.

Msomaji aliyewahi kuishi kando ya barabara kuu anazijua mita hizo. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kabla ya hapo zilikuwa mita 22.5. Tofauti hiyo ya mita saba na nusu imewanyima watu usingizi kuanzia Tinde hadi Ngara. Aliyejenga ndani ya mita 22.5 amevamia hifadhi, anawekewa X nyekundu na kubomolewa bila fidia. Aliyeko kati ya 22.5 na 30 sheria ilimkuta, kwa hiyo anawekewa X ya kijani, na akitakiwa kupisha analipwa.

Ndiyo maana mkutano wa kijiji kuhusu barabara huanza na X na kumalizika na X. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka wananchi washirikishwe kabla Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, halijaipitia ripoti na mradi haujapewa cheti. Basi tulifika, mtendaji wa kijiji akatukaribisha, karatasi ya mahudhurio ikazungushwa, nasi tukaanza kueleza habari za vumbi, kelele, mmomonyoko na viumbe hai. Katika kijiji kimoja cha Bukombe mzee mmoja alinyoosha mkono, akasimama taratibu akiegemea fimbo yake.

"Mwanangu," akaniambia, "hayo ya vyura utatueleza baadaye. Kwanza tuambie, nyumba yangu imepona?"

Watu walicheka, lakini mzee alikuwa na hoja. Mtu mwenye alama ya rangi ukutani hawezi kuzungumzia vyura. Tangu hapo nilijitahidi mikutano iwe miwili, wa kwanza wa nyumba na fidia, wa pili wa mambo mengine yote. Mkutano wa pili ulikuwa na watu wachache, na ndiko nilikojifunza karibu yote ninayoyaandika hapa.

Maji yana kumbukumbu

Sehemu ya barabara hii iliyo upande wa Shinyanga hupita kwenye ardhi ambayo Wasukuma wameipanga kwa majina tangu zamani. Juu kuna luseni, udongo wa kichanga. Chini, bondeni, kuna mbuga, ule udongo mweusi mzito unaopasuka kiangazi hadi mguu wa mbuzi unazama, na masika unavimba na kunata. Huko mbugani ndiko kwenye majaruba ya mpunga, na mpunga ndio ulioipa Kagongwa jina nchini.

Ukipitisha tuta la barabara kwenye mbuga, umejenga bwawa hata kama hukukusudia. Maji yaliyozoea kutambaa kwa upana wa nusu kilomita sasa yanalazimishwa kupita kwenye tundu la kalavati. Wa juu wanafurika, wa chini wanakauka. Mhandisi analijua hili, na hupanga makalavati yake kwa takwimu za mvua za kituo cha karibu na kwa ramani ya miinuko. Tatizo ni kwamba kituo cha karibu huenda kiko mbali, na ramani ya miinuko haioni tofauti ya nusu mita, wakati mbugani nusu mita inatosha kuamua nani avune na nani asivune.

Siku moja tulikuwa tukitembea kandokando ya mstari wa barabara na mama mmoja mwenye majaruba pale chini. Nilimwamkia, "Mwangaluka, mayu," akaniitikia huku akiendelea kutembea mbele yetu. Alitupeleka kwenye kichuguu kilichosimama peke yake, akaweka kiganja chake kwenye ubavu wa kichuguu, usawa wa kiuno chake.

"Mwaka wa El Niño maji yalifika hapa," akasema. "Yalitokea kule kwenye migunga, yakapita hapa, yakaenda kule. Hayakupita pale mlipoweka vigingi vyenu."

Vigingi vya kalavati vilikuwa mbali kidogo upande wa mashariki. Mhandisi wetu, kijana makini, hakubisha. Alirudi na vifaa vyake, akapima kutoka kwenye kichuguu hadi migungani, akakuta mkondo mdogo ambao ramani haikuuonyesha. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilikata barabara nyingi nchini, na kila kijiji kina alama zake za maji ya mwaka ule: ukutani mwa godauni la pamba, kwenye shina la mti, kwenye ngazi ya zahanati. Kalavati la pili liliongezwa kwenye mchoro. Gharama yake haikuwa kitu ukilinganisha na gharama ya kurudia tuta lililosombwa.

Hapo nilipata kanuni ya kwanza. Katika kila kijiji mtafute anayelima shamba la chini kuliko yote. Mara nyingi ni mwanamke, na mara nyingi hakuja mkutanoni, kwa sababu mkutano uliitishwa saa ambayo yuko jarubani.

Shimo la nani?

Barabara haijengwi kwa lami tu. Chini ya lami kuna tabaka za kifusi na kokoto, na kifusi hicho hakitoki ndani ya mita 30. Kinachimbwa kwenye vilima na mashamba ya watu, wakati mwingine kilomita kadhaa kutoka barabarani. Mkandarasi huelewana na mwenye shamba, humlipa kiasi, huleta kijiko na malori, na baada ya miezi michache pamebaki shimo.

Kwenye ripoti zetu kulikuwa na sentensi iliyonakiliwa kutoka mradi hadi mradi: mashimo yatafukiwa, udongo wa juu utarudishwa na miti itapandwa. Ukiisoma ukiwa Dar es Salaam ni nzuri. Ukiisoma mbele ya wafugaji wa Kisukuma wanakutazama kwa mshangao. Shimo linaloshika maji hadi mwezi wa nane, kwao ni lambo ambalo serikali haikuwahi kuwachimbia. Nani afukie lambo?

Lakini shimo hilohilo lina kuta zilizosimama wima. Ng'ombe akiteleza hatoki. Watoto wanaochunga huingia kuogelea, na kila aliyekulia ukanda huu anajua angalau msiba mmoja wa mtoto aliyezama kwenye shimo la kifusi. Maji yaliyotuama yanaleta mbu na kichocho. Kwa hiyo sentensi ya "yatafukiwa" haikuwa jibu, na kuliacha shimo kama lilivyo halikuwa jibu vilevile.

Jibu lilitoka kwa wafugaji wenyewe, kwenye ule mkutano wa pili. Walisema: lazeni upande mmoja, uwe mteremko mrefu ambao ng'ombe watashuka na kupanda. Pande tatu zilizobaki zipunguzwe ukali na zipandwe minyaa au katani. Maji ya kunywa watu yasichotwe humo. Na kabla mkandarasi hajaondoa mitambo, akabidhi shimo kwa serikali ya kijiji kwa maandishi, mwenye shamba akiwepo. Ni kazi ya siku chache kwa kijiko ambacho tayari kipo pale.

Nimeona vijiji viwili jirani ambavyo tofauti yao ilikuwa karatasi moja. Cha kwanza masharti hayo yaliingia kwenye mkataba, na lambo lao lilikuwa likitumika hata baada ya barabara kuanza kuzeeka. Cha pili yalibaki kwenye maneno ya mkutano. Mkandarasi alimaliza kipande chake, akapakia mitambo usiku wa kuamkia Jumapili, na shimo likabaki na kuta zake.

Ngitili si pori

Mtu asiyeijua historia ya Shinyanga akipita kwa gari ataona nyasi na vichaka, aandike "ardhi isiyotumika". Kumbe ardhi hiyo ina historia ndefu. Enzi za ukoloni misitu ilifyekwa kwa wingi ili kuua mbung'o, kisha ikafyekwa tena kupata mashamba ya pamba. Mifugo ikaongezeka, vijiji vikasogezwa, na kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ikawa inatajwa kama jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioendelea hadi 2004. Siri ya mafanikio yake haikuwa miche ya kitaluni. Ilikuwa ni kurudi kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho wakati wa mvua ili nyasi zikomae na kuliwa wakati wa ukame. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa uoto, na aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati alikutana na dagashida, baraza la jadi, akatozwa faini iitwayo mchenya.

Sasa lete barabara ya mchepuko, au eneo la kambi ya mkandarasi, au machimbo ya kokoto, juu ya ngitili. Mthamini anafika na fomu. Fomu ina nafasi ya nyumba, kaburi, mwembe, mkorosho na mazao ya msimu. Ngitili haina mahali pake. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati, lakini fidia kamili ya nini, kama kitu chenyewe hakimo kwenye fomu?

Tulifanya jambo dogo lililosaidia. Tuliwaomba akina mama na wazee waorodheshe walichotoa kwenye ngitili ile mwaka uliopita: kuni, nyasi za kuezekea, uyoga, asali, dawa, fito, na miezi ambayo ndama walilishwa humo. Orodha ilijaza kurasa. Haikubadilisha kila kitu kwenye malipo, lakini ilibadilisha mahali pa kambi. Mkandarasi alipoona orodha, alihamishia kambi yake kwenye uwanja wa kinu cha pamba kilichofungwa, ambako hapakuwa na wa kulalamika. Mara nyingi njia rahisi ya kulipa ngitili ni kutoigusa.

Mkaa na matimba

Ripoti ya barabara huhesabu miti itakayokatwa ndani ya hifadhi, mti kwa mti, na jina la kitaalamu la kila mmoja. Sikuwahi kuona ripoti iliyohesabu miti itakayokatwa na watu ambao barabara imewafikisha porini.

Chukua kipande cha Runzewe hadi Nyakanazi, kwenye nchi ya miombo. Lami ikishafika, magunia ya mkaa yanapangwa kando ya barabara, yamefungwa kwa majani juu. Basi linasimama, abiria ananunua. Lori lililopeleka shehena Kigali linarudi tupu, na dereva na utingo wake hawaoni sababu ya kurudi tupu. Ndani ya misimu michache tanuru la mkaa limesogea kutoka ukingo wa barabara hadi ndani kabisa, na baiskeli zimegeuka pikipiki.

Geita ina mahitaji ya ziada. Mchimbaji mdogo hawezi kushuka kwenye duara, yaani shimo lake la dhahabu, bila matimba, yale magogo yanayozuia kuta zisianguke. Kila duara linameza miti, na rashi ikitokea, yaani habari ikienea kwamba mahali fulani dhahabu imeonekana, maelfu ya watu hufika ndani ya wiki, na barabara nzuri huwafikisha mapema zaidi. Baada ya matimba yanakuja makarasha ya kusaga mawe, mialo ya kuchenjulia na zebaki. Hakuna ubaya katika mtu kutafuta riziki. Ubaya ni kujifanya kwamba barabara na duara ni habari mbili tofauti.

Migodi mikubwa nayo ilikuja mmoja mmoja. Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001. Buzwagi, pale pale kando ya barabara kuu Kahama, ulifunguliwa 2009 na uzalishaji wake ukakoma 2021. Kila mgodi ulikuwa na ripoti yake, kila kipande cha barabara kilikuwa na ripoti yake. Mwaka 2025 limefunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, na magari ya Mwanza hayasubiri tena kivuko kuingia Geita. Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka nayo inajengwa. Mwanakijiji wa Kakola au Katoro haishi kwenye ripoti moja. Anaishi kwenye jumla ya zote, na jumla hiyo haina mwenyewe. Sheria ya 2004 ilitoa nafasi ya tathmini ya kimkakati, inayotazama mpango mzima badala ya mradi mmoja. Ukanda wa dhahabu unaihitaji kuliko sehemu nyingi za nchi hii.

Mpakani

Rusumo haikuanza kuwa njia juzi. Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen aliingia Rwanda kwa kuvukia hapo, karibu na maporomoko. Karne moja baadaye, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 wakikimbia Rwanda wakati wa vita na mauaji ya kimbari, wakapiga kambi Benaco, mahali palipopata jina kutokana na kampuni ya kujenga barabara. Kabla ya kurudishwa kwao Desemba 1996, miti ya kilomita nyingi kuzunguka kambi ilikuwa imegeuka kuni. Wazee wa Ngara hupima muda kwa tukio hilo: kabla ya wakimbizi, baada ya wakimbizi. Hakuna ripoti ingeweza kulitabiri. Linatukumbusha tu kwamba mpaka ni mahali ambapo mambo ya nchi nyingine hufika bila taarifa.

Daraja la zamani lilikuwa jembamba, likipitisha lori moja moja. Foleni ilipanda kilima. Madereva walilala siku kadhaa chini ya matela, jiko la mkaa likiwaka kati ya magurudumu, oili ikivuja ardhini, na choo kikiwa ni kichaka kilicho karibu, kwenye mteremko unaokwenda mtoni. Tarehe 6 Aprili 2016 marais John Magufuli na Paul Kagame walizindua daraja jipya na kituo cha huduma za pamoja, vilivyojengwa kwa msaada wa Japani. Gari linakaguliwa mara moja, upande mmoja, linaondoka.

Kwa mazingira ya pale darajani huo ni ushindi, na nausema bila kigugumizi. Foleni inapopungua, moshi unapungua, uchafu unapungua, na magonjwa yanayosafiri na foleni yanapungua. Lakini nilipozungumza na mama lishe mmoja wa pale kilimani, alinipa upande wa pili wa hesabu.

"Baba, daraja ni zuri," alisema huku akipangusa meza yake. "Ila dereva asiyelala hali."

Halafu akanionyesha kwa kidevu upande wa Benaco. Madereva hawakuacha kulala, walihamia kwingine. Malori yanalala Benaco, Nyakanazi na Kahama, kandokando ya barabara, mahali ambapo mara nyingi hapana choo cha umma wala sehemu ya kumwaga oili chafu. Tathmini ya daraja la mpakani inayoishia kwenye uzio wa kituo imehamisha tatizo kilomita kadhaa tu, kisha ikaandika kwamba limekwisha.

Mto hauna pasipoti

Chini ya daraja unapita Kagera, mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria. Jirani na maporomoko ndipo unapopokea maji ya Ruvubu kutoka Burundi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 magugu maji yalianza kuonekana ziwani, na Kagera ulikuwa mmoja wa milango yake. Mvuvi wa Nkome, Geita, aliyeshindwa kutoa mtumbwi kwa sababu ya magugu, alikuwa analipa deni la mabonde ya Rwanda na Burundi ambayo hajawahi kuyaona.

Hata hivyo, daraja la kimataifa lina vyeti viwili vya mazingira, kimoja kwa kila nchi, lakini mto ni mmoja. Rwanda ina sheria zake na mamlaka yake, REMA. Sisi tuna NEMC. Katika kazi nilizozijua, mikutano yetu ilifanyika upande huu, yao upande ule, na mwananchi wa Rusumo ya Ngara hakuwahi kusikia alichosema mwananchi wa Kirehe ng'ambo ya pili, ingawa wanachota maji sehemu moja.

Ipo mifano inayoonyesha kwamba tunaweza kufanya vizuri zaidi. Wa kwanza uko pale pale. Mradi wa umeme wa Rusumo, megawati 80 zinazogawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi, ulifikiriwa kwanza kuwa na bwawa ambalo lingefunika mashamba na maeneo oevu ya watu. Baada ya tathmini kuonyesha ukubwa wa madhara, ulichaguliwa mfumo wa kutumia mtiririko wa mto bila kufurika eneo kubwa. Hiyo ndiyo maana ya tathmini: kubadilisha mchoro kabla ya zege kumwagwa.

Wa pili ni wa barabara ya kaskazini mwa Serengeti. Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki iliizuia serikali yetu kujenga barabara ya lami kukatiza hifadhi hiyo, kwa kutumia mkataba wa jumuiya ambao nchi zetu zimetia saini zenyewe. Unaweza kuipenda hukumu ile au kuichukia, lakini iliweka wazi kwamba mazingira yanayovuka mpaka yana mahakama.

Wa tatu uko mbali. Kati ya Detroit, Marekani, na Windsor, Kanada, limejengwa daraja jipya la mpakani, na upande wa Kanada ikajengwa barabara ya kilomita 11 ya kuliunganisha na barabara kuu. Sehemu ya barabara hiyo imezamishwa chini na kufunikwa, juu yake pakafanywa bustani na njia za waendao kwa miguu. Kabla ya ujenzi, mimea adimu na nyoka wa aina zinazolindwa walihamishwa na kufuatiliwa. Vijana wa timu yetu waliposikia habari ya nyoka kuhamishwa walicheka. Mimi nilichotamani si nyoka. Nilitamani fedha ya ufuatiliaji iliyotengwa tangu mwanzo, pamoja na mtu atakayerudi miaka baadaye kuangalia kama aliyehamishwa bado anaishi. Nasi tunaweza kuulizia vivyo hivyo habari za mama aliyehamishwa kutoka kwenye jaruba lake.

Kisicho kwenye BOQ hakifanyiki

Kila ripoti ya tathmini ina sura ya mpango wa usimamizi wa mazingira. Ndiyo sura muhimu kuliko zote na ndiyo inayosomwa kidogo kuliko zote. Inasema nani atafanya nini, lini na kwa gharama gani. Katika miaka yangu niliona mpango wenye jedwali zuri, safu ya gharama ikiwa imejazwa maneno "sehemu ya gharama za ujenzi". Maneno hayo yana maana moja tu: hakuna fedha. Mkandarasi hulipwa kwa BOQ, orodha ya kazi na bei zake. Kulaza ukingo wa shimo kukiwa na mstari wake, kutafanyika, kwa sababu bila kufanyika halipwi. Choo cha madereva kikiwa na mstari wake, kitajengwa. Kisicho na mstari kitabaki kwenye hotuba ya uzinduzi.

Nimewahi kuambiwa kwamba haya yote yanachelewesha maendeleo. Nimeishi Kahama enzi ambazo basi lilikwama njiani siku mbili na mjamzito akapelekwa hospitali kwa mkokoteni, na sitaki mtu yeyote anifundishe thamani ya lami. Barabara ile imeinua mpunga wa Kagongwa, imeifanya Kahama kuwa mji, na imeifanya bandari kavu ya Isaka kuwa na maana. Lakini kalavati la ziada halikuchelewesha lami hata kwa wiki. Kilichochelewesha miradi niliyoijua ni madai ya fidia yaliyopuuzwa na matuta yaliyosombwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tangazo la mkutano wa tathmini likibandikwa kwenye ofisi ya kijiji chako, nenda, hata kama nyumba yako haina X. Uliza maji ya mvua kubwa yatapita wapi. Uliza kifusi kitachimbwa kwa nani, na shimo litakabidhiwa kwa nani, katika hali gani. Uliza malori yatalala wapi. Uliza ni nani atarudi kukagua mkandarasi akishaondoka, na fedha yake iko mstari gani. Ukijibiwa kwa mdomo, omba jibu liandikwe kwenye muhtasari, mtendaji agonge muhuri, na nakala ibaki kijijini. Sheria inakupa haki ya kushirikishwa tangu 2004. Itumie kabla vigingi havijapigwa, maana greda likishaanza kazi mkutano unakuwa wa kulalamika tu.